Jina la Kwenye Kipande

Jina la ukoo wetu sitaliandika hapa. Wenye jina hilo bado wapo, tangu Mombo mpaka Amani, na baadhi yao ni wakali kuliko mimi. Itoshe kusema kwamba ni jina la Kijerumani, na kwamba kila mwalimu mgeni aliyesoma orodha ya darasa letu alifika kwenye jina langu akasita, akainua uso kunitafuta, akaona mtoto mweusi mwenye sweta la kurithi na miguu iliyojaa tope, akauliza, "Na wewe Mjerumani umetokea wapi?" Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, maana mtoto asiyejua kucheka huchekwa mara mbili.

Baba hakulichekea jina hilo hata siku moja. Alilitamka polepole, kwa sauti ya kanisani, na alitusimulia mara nyingi jinsi lilivyotufikia. Babu, alisema, alikuwa kijana mwaminifu katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, zamani za Wajerumani, na mzungu huyo alimpenda hata siku ya ubatizo wake akasimama nyuma yake akampa jina lake mwenyewe, kama baba anavyompa mwanawe. Na maana ya jina, kwa Kijerumani, ni mtu wa kuheshimiwa. Maana hiyo aliitoa wapi hatukuuliza. Kijerumani alichokijua Baba kilitosha kumfukuza mbwa, basi.

Ili nieleweke, lazima niseme Baba alikuwa mtu wa namna gani kijijini kwetu. Alikuwa mtoto wa pekee. Babu alipanda milima hii akiwa mtoto, peke yake, akitokea nyika mwaka wa njaa, na huko alikotoka hakuna aliyemfuata wala aliyemtafuta. Kwetu milimani mtu ni ukoo wake. Ukitaka kuoa, wazee wa ukoo ndio wanaosema. Ukigombea mpaka wa shamba, unafika barazani na baba zako wadogo sita waliovaa makoti, wamekaa kimya, na ukimya wao ndio ushahidi wako. Baba alikuwa anafika na kofia yake. Na ukifa, majirani huja, huimba, huteka maji, lakini kaburi huchimbwa na wenye damu yako. Mtu asiye na wa kumchimbia hutajwa kwa sauti ya chini.

Basi Baba alijitafutia ndugu, na alikuwa na njia moja tu ya kuwapata, lile jina. Akisikia kuna mgonjwa hospitalini mwenye jina hilo, anakwenda kumwona na mayai. Akisikia limetajwa sokoni Mombo, anateremka mlima kesho yake na gunia la viazi, anamtafuta mwenyewe, anamwambia, "Wewe ni wetu." Akisikia msiba upande wa Amani, kwenye mashamba ya chai, anafunga safari ya siku nzima na jembe lake mkononi. Wengi walimshangaa mara ya kwanza. Mara ya pili walimkaribisha. Kila mwaka baada ya Krismasi walikuja kwetu, watu ishirini na zaidi, wakala na kunywa chini ya miti yetu ya peasi, na Baba akawa mwenyekiti wao. Nilikuwa na mashangazi ambao sikujua ushangazi wao umepita mlango gani.

Bibi, mama yake Baba, aliishi nyumba ya nyuma na alikuwa akiwatazama wageni hao akiguna.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "hawa unaowalisha unawajua?"

"Mama, undugu ni kufaana, si kufanana."

Bibi akaguna tena. Bibi alizungumza Kishambaa tu. Humu namsemesha Kiswahili kwa sababu yenu.

Uhuru ulipokuja nilikuwa msichana wa shule, na miaka ile tulipohimizwa kuishi na kulima pamoja nilikuwa tayari mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilifundisha alasiri kwenye ghala la zamani la kahawa, wanafunzi wangu wote wakinizidi umri, na nusu yao wakiniita mwanangu huku wakinipa daftari niwasahihishie. Shamba la kijiji lilikuwa juu, karibu na msitu, mahali penye mteremko ambao maharage yakidondoka unayafuata mpaka mtoni. Serikali ikatuletea bwana shamba kijana aje atufundishe kukinga maji yasiteremshe udongo. Aliposema neno matuta, wazee walinung'unika, kwa sababu Waingereza waliwahi kuwalazimisha matuta hayohayo na walikuwa hawajasahau. Yeye alivua viatu akaanza kuchimba mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwona vizuri.

Wiki hiyo alikuja ghalani kuwaeleza wanafunzi wangu habari za mbolea. Nikampa kitabu cha wageni. Aliandika jina lake la kwanza, kisha la ukoo, na mimi niliyekuwa nimeinama nikisoma juu ya mkono wake nikainuka. Lilikuwa letu.

"Kumbe," nikamwambia, nikamwonyesha langu kwenye jalada la daftari.

Akalisoma, akacheka. "Basi shikamoo dada."

"Mimi mdogo kwako. Marahaba ya nini? Shikamoo kaka."

Sijui kama kuna watu wengine walioanza hivyo.

Furaha ya Baba haikuwa na kipimo. Bwana shamba, mtu wa serikali, mwenye baiskeli na jina letu! Na Baba alikuwa amezaa mabinti watatu tu. Akamleta nyumbani, akamkalisha kwenye kigoda cha karibu na moto, Mama akampakulia kama mtoto wa nyumba. Babu yake, alisema kijana, aliwahi kufanya kazi huku milimani zamani, kisha akateremka kuishi chini ya Amani. "Unaona?" Baba akatugeukia. "Unaona?"

Nami niseme ukweli wangu. Lile jina lilitufaa sana. Msichana mwingine akitembea na mwanamume kutoka shamba la kijiji hadi barabarani, habari inafika kwao kabla yake. Mimi nilitembea naye miezi minane, na wanawake waliokuwa wakichota maji walituitikia, "Haya, wadogo, mteremke salama." Kaka na dada! Hatukusema uongo hata mmoja. Tuliwaacha waamini walichotaka, na ukiniuliza leo nilijisikiaje, nilijisikia vizuri.

Kilichotuponza ni kaburi. Mwaka huo Baba aliamua kulijengea saruji kaburi la Babu, na akawaita wote wenye jina. Mwenye nyumba anatia beleshi la kwanza, kisha wanawe wa kiume, kisha wengine. Baba alitia lake, akasimama, akatazama huku na huku, akamwita bwana shamba mbele ya watu wote. "Njoo. Mimi Mungu hakunipa wa kiume, amenipa huyu. Huyu ndiye mwanangu." Wazee wa kanisa walikuwepo. Mchungaji alikuwepo. Kijana alilishika beleshi, akanitazama juu ya karai la zege. Mimi nilitazama ndani ya karai. Angeweza kukataa? Mbele ya kaburi?

Baada ya hapo hatukuwa tena watu wanaofanana majina. Tulikuwa watoto wa kaburi moja.

Miezi miwili baadaye wazee wa bwana shamba walikuja toka upande wa Amani, watatu, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee mfupi mwenye bakora. Baba alidhani wamekuja kusalimia ukoo. Aliwachinjia jogoo. Walikula wakashiba, wakanawa, ndipo yule mzee akaanza kwa mafumbo, kwamba wameona ua katika bustani hii, na Baba akawa anatabasamu akitingisha kichwa, akidhani wamemtafutia mchumba kijana wake kutoka nyumba ya jirani. Alipoelewa kwamba ua ni mimi, tabasamu lilibaki mdomoni likiwa halina kazi.

"Mzee mwenzangu," alisema, "mimi nitamwozaje binti yangu kwa mwanangu?"

"Lakini sisi ni Wabondei, ndugu yangu," yule mzee akajibu kwa upole. "Hatujawahi kuwa ukoo wako. Ulituita tukaja. Na chakula chako ni kizuri, hilo hatukatai."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Baba aliwasindikiza mpaka barabarani kama adabu inavyotaka, akarudi, akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe mpaka jua likazama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mchungaji tulipomwendea alitusikiliza, akaita wazee wa kanisa, na wazee wakasema neno moja: waliotia zege kwenye kaburi moja ni ndugu, nasi tumeona kwa macho yetu. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi husimama akasema. Mchungaji akasema hawezi kuitangaza hata mara moja mpaka Baba mwenyewe asimame mbele ya washarika aseme kwamba hakuna undugu. Si barua, si mjumbe. Mwenyewe. Na bwana shamba alikuwa amekwisha kupata barua ya uhamisho. Baada ya Pasaka alitakiwa Songea. Songea wakati ule ilikuwa ni kama kuambiwa mtu anakwenda mwezini, na mwanamke asiyeolewa hamfuati mtu mwezini.

Baba alikataa. Alikataa kwa utulivu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina ni moja, alisema, kwa hiyo damu ni moja, na Wabondei hawajui walikotoka. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akasema twende tukaulize kwa wenye jina.

Upande wa Kifungilo, kwenye misheni ya Wakatoliki, kulikuwa na sista mmoja mzee wa Kijerumani aliyetunza bustani. Baba, Mlutheri wa tangu tumboni, alivaa koti lake la Jumapili tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulimkuta Sista amevaa viatu vya mpira, anapogoa miti ya plamu.

"Shikamoo Sista," Baba akamwamkia, akavua kofia, akataja jina letu, akauliza maana yake na ukoo wake.

Sista aliweka mkasi chini. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kizuri kuliko changu.

"Jina hili ni kazi, Mzee. Zamani kwetu mtu aliitwa kwa kazi yake. Huyu ni yule mtu wa kinu, anayesaga nafaka za watu."

"Anayesaga?"

"Anasaga unga. Kinu kinazungushwa na maji ya mto. Watu wanaleta ngano yao, anawasagia, anabakiza kidogo kwa ajili yake. Wengine walimshuku kwamba anabakiza kingi." Akacheka.

Baba hakucheka. "Na ukoo wao ni mkubwa?"

"Ukoo? Hakuna ukoo, Mzee. Kila bonde lenye mto lilikuwa na kinu, na kila kinu na mtu wake, na kila mtu wake akaitwa hivyo. Hawakujuana. Ndilo jina lililo jingi kuliko majina yote ya kwetu. Ukirusha jiwe sokoni utampiga mmoja, na akigeuka kukutukana, wa pembeni yake atakuwa naye ni hilohilo." Akafuta mikono kwenye aproni. "Bibi mzaa mama yangu alizaliwa na jina hilo, akaolewa na mwanamume mwenye jina hilo. Hakubadilisha hata herufi. Hakuna aliyeuliza."

Nilihisi moyo wangu unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Sikuthubutu kumtazama Baba. Alimshukuru Sista, akapokea plamu alizotufungia kwenye jani la mgomba, tukaondoka.

Tulipofika kwenye kilima akakaa juu ya jiwe. Nikadhani amechoka. Nikamwambia, na ninajuta jinsi nilivyosema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Baba, umesikia mwenyewe. Si ukoo."

"Nimesikia."

"Basi?"

Aligeuza kofia mikononi. "Nikisimama pale kanisani niseme jina si ukoo, nitakuwa sijakukana wewe na kijana peke yenu. Nitakuwa nimewakana wote. Wa Mombo, wa Amani, wote. Nikifa, atanichimbia nani?"

"Mimi nipo, Baba."

"Wewe utakuwa Songea," akasema.

Nilikuwa nimemwonea hasira miezi mizima, na hasira ile ikanitoka palepale ikaniacha na aibu. Tulikula plamu tukiwa tumekaa kando ya njia, tukatema kokwa.

Nyumbani Bibi alikuwa anachambua maharage. Mama alimuuliza Baba Sista kasemaje, na Baba, ambaye hakujua kuficha, akasema: ni jina la msagaji. Bibi aliacha maharage. Akaanza kucheka polepole, tumboni kwanza, halafu mabegani, mpaka machozi yakamtoka. Kwetu kusaga ni kazi ya wanawake. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa haijatimiza miaka mitatu. Kabla ya hapo lilikuwepo jiwe, na mwanamke amepiga magoti.

"Msagaji!" alisema. "Basi jina ni langu! Ni mimi niliyesaga humu ndani miaka hamsini!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho kwa kanga, akamtazama mwanawe, na uso wake ukabadilika. Akaenda nyumba ya nyuma. Alirudi na kopo la chai lililoshika kutu, na ndani ya kitambaa, ndani ya kitambaa kingine, akatoa kipande cha karatasi ngumu cha rangi ya majani makavu.

Hiki, alisema, ndicho kipande cha kazi cha baba yako. Zamani za Wajerumani kila mwanamume alipewa, na ilibidi atimize siku za kazi katika shamba la mzungu, na kila siku ikatiwa alama. Huku juu limeandikwa jina la mzungu mwenye shamba. Huku chini, kwa herufi ndogo, jina la mtu. Vita vilipokwisha wakaja Waingereza, na karani wa kodi akawapanga watu foleni kuwaandika. Baba yako alikuwa mwoga wa makaratasi. Alipoulizwa jina alitaja lile la ubatizo, na alipoulizwa la pili akanyamaza, akatoa kipande chake kuonyesha kwamba yeye si mvivu, siku zake amemaliza. Karani akanakili lile lililoandikwa kubwa. Na nyuma yake kwenye foleni walikuwa wenzake wa shamba lilelile, Wabondei, Wapare, Wazigua, hata Wanyamwezi, na kila mmoja alipoona wa mbele yake ametoa kipande, naye akatoa chake. Siku hiyo, alisema Bibi, karani alizaa watoto arobaini kabla ya chakula cha mchana.

"Na ubatizo?" Baba aliuliza. "Mzungu kusimama nyuma yake?"

Bibi alianza kuvikunja vile vitambaa.

"Hiyo niliitunga mimi. Ulikuwa mdogo, umerudi unalia, watoto wamekuambia huna ukoo, baba yako ametapikwa na nyika. Ukaniuliza, sisi ni wa nani? Nikakupa kilichokuwepo ndani ya nyumba. Sikujua utakishika hivi."

Baba alikitwaa kipande, akatoka nacho nje kwenye mwanga, akakisoma juu mpaka chini. Kisha akakisoma tena kuanzia chini. Lile jina dogo la chini ndilo jina la Babu alilozaliwa nalo, la huko nyikani. Baba alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na alikuwa hajawahi kuliona. Sikumwona akilia, ila alikaa nje mpaka Mama akampelekea koti.

Hakuniambia atafanya nini. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya kazi za kijiji na ya mkutano wa akina mama, Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Baba alisimama. Nilishika ukingo wa benchi. Watu saba wenye jina letu walikuwa wa usharika wetu, nao walikuwa wamekaa mahali pao pa siku zote, safu iliyo nyuma ya Baba, kama ndugu wanavyokaa.

Akatoa kipande mfukoni, akakiinua.

"Ndugu washarika, hiki ni cha baba yangu. Jina mnaloniita ni la bwana wa shamba alilokuwa anatumikia. Hakupewa kwa kupendwa. Aliandikiwa na karani. Na wote mliopata jina hili mlilipata hivyohivyo." Aligeuka nyuma, akawatazama wale saba, na sauti yake ikapungua. "Nimewaita ndugu miaka mingi. Nilikuwa sijui. Mnisamehe. Mimi sina ukoo hapa, na binti yangu hana kaka. Mchungaji, watangaze."

Akakaa. Nje kondoo alilia. Mchungaji alitutangaza, Jumapili hiyo na mbili zilizofuata, na hakuna aliyesimama.

Tulioana kabla ya Pasaka. Kwenye cheti nilibaki na jina langu lilelile, na karani wa ndoa aliniuliza mara mbili kama nimeelewa swali. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Lakini nilikuwa nikimwona Baba kwenye sherehe, amesimama peke yake karibu na mlango, anawapokea watu kwa mikono miwili kama mtu asiye na haki ya kuwakaribisha.

Krismasi ile, Mama aliniandikia Songea, Baba hakumwita mtu yeyote. Mapeasi mengi yalianguka yakaoza chini. Mwaka uliofuata vilevile. Aliona haya, aliandika Mama, kuwaita watu ambao amewaambia mbele ya madhabahu kwamba si wake. Niliisoma barua ile nikampa mume wangu, naye akaisoma akairudisha, akaenda kumwagilia mboga.

Tukakaa kusini miaka saba. Bibi akafariki, sikuwahi. Halafu ikaja simu ya upepo kwamba Baba amefariki, na safari hiyo tuliwahi, siku tatu za mabasi na malori, na mtoto mgongoni. Tulifika Mombo asubuhi, tukapata gari la kupanda. Njia nzima sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu. Mume wangu mmoja. Mume wa dada yangu, wawili, kama mgongo haumsumbui. Majirani, kama watakubali kuvunja desturi. Niliwaza hata kushika jembe mwenyewe, waseme watakavyosema.

Tulipokata kona ya mwisho niliona makoti. Uwanja wetu ulijaa, na nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la Babu, wanaume walikuwa wakichimba kwa zamu, wengine wamesimama na majembe yao wakingoja zao. Niliwatambua wa Mombo. Niliwatambua wale saba wa safu ya nyuma. Ndani ya shimo, udongo umemfika kiunoni, alikuwemo yule mzee mfupi wa Kibondei, baba mkubwa wa mume wangu, bakora yake imeegemezwa kwenye mti wa peasi. Alikuwa mzee mno kwa kazi ile, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Nilimwendea na mtoto mgongoni, na mavumbi ya njiani. Nilitaka kumshukuru, nikasema jambo jingine kabisa.

"Shikamoo Baba. Lakini ninyi si ndugu zetu."

Aliinua uso, anahema.

"Marahaba. Tunajua, mwanangu. Baba yako alitutangazia mwenyewe kanisani, habari ikatufika mpaka Amani." Akajaza beleshi. "Haya, sogea, nisikumwagie udongo."

Nikasogea.